Kishale Kilichoanguka Nyuma ya Mgongo Wangu

Mwenyekiti, wazee wa ukumbi, akina mama mlioacha majiko yenu, na ninyi wanane mtakaosimama penye mstari mchana huu: hamjambo? Hiyo sauti ni ya watu wenye njaa. Hamjambo? Haya, sasa nawasikia watu wa Nakuru.

Mwenyekiti ameniomba niseme kabla hatujaanza, na mimi si mtu wa kuombwa mara mbili. Mnanijua. Nilizaliwa katika nyumba ya nyasi kwenye shamba la mzungu upande wa Rongai. Nilisoma huku nikichunga ndama wa watu, nikavuka bahari, nikarudi kutoka Uingereza na diploma ya ustawi wa jamii. Hakuna aliyenisukuma mgongoni. Diploma ninayo hadi leo, iko ndani ya mkebe wa bati, panya hajaionja. Msicheke, nasema kweli. Lakini leo sikusimama kueleza nilivyopanda. Nimesimama kueleza nilivyoanguka, tena humu humu ndani, hatua nne kutoka hapa nilipo. Sitataja jina la mtu. Wenyewe mtajitambua, na mkijitambua nyamazeni.

Nilirudi wakati Hali ya Hatari ilikuwa bado kali na kafyu ikitufungia ndani jua likitua. Nilimkuta mama yangu peke yake. Baba alikuwa amefariki nikiwa ng'ambo, na mwenye shamba alishamwambia mama kwamba nyumba ile ni ya familia yenye mtu wa kazi. Kwa kuwa hakuna tena mwanamume wa kwetu aliyefanya kazi pale, mahindi yakishavunwa, ahame. Mama hakuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa na suti moja, tai mbili na diploma, lakini paa sikuwa nalo.

Ndipo nikasikia kwamba ukumbi huu unatafuta msimamizi Mwafrika, na kwamba kazi hiyo inakuja na vyumba viwili hapa mtaa wa Bondeni. Vyumba viwili, ndugu zangu! Nikamwendea ofisa mzungu aliyeshughulikia kumbi za mji. Aliitazama diploma yangu mbele na nyuma, kisha akasema kwa Kiswahili chake: "Karatasi mzuri sana. Lakini watu ya hall napenda vishale. Wewe najua vishale?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoanza kunichimbia shimo. Ni kweli nilijua vishale hivi vya kurusha ubaoni. Nilikuwa nimejifunza katika baa za mji wa viwanda kule, nikirusha na wachimba makaa, na wengi wao niliwafunga mdomo. Ningesema "najua" na kunyamaza, ingetosha. Lakini nikasema: "Bwana, mwaka huu mimi ndiye nitakayekwenda Nairobi kwa niaba ya ukumbi huo. Nisipofuzu, kazi mpe mtu mwingine."

Akacheka. Kisha akachukua kalamu akaandika. Nawaambia, aliandika!

Kwa mliokuja leo mara ya kwanza, kufuzu ni hivi. Mashindano makubwa hufanyika Nairobi. Huko hukutana wachezaji wa kumbi za koloni nzima, na miongoni mwao wamo mabingwa ambao kazi yao siku hizi ni kurusha tu. Kila ukumbi hupeleka mchezaji mmoja. Sisi humu hucheza Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka wabaki wanane, kisha wanne, kisha wawili, kisha mmoja. Kila mtu huanza na mia tatu na moja, anapunguza kila anachopiga, na lazima afike sifuri kamili, kishale cha mwisho kikiwa ndani ya dabo, yaani ule ukanda mwembamba wa nje unaohesabiwa mara mbili.

Na ukumbi huu una desturi yake, iliyokuwapo kabla yangu. Anayetaka kucheza hushika chaki kwanza. Unasimama kando ya ubao, unahesabu vishale vya wenzako, unaandika kwenye sleti, unavichomoa, unawarudishia. Mchezaji haendi ubaoni. Akigusa ubao kwa mkono wake, zamu yake imekwisha. Na mwenye chaki haongei. Hamwambii mchezaji kitu, hata akiwa ndugu yake. Lakini mchezaji akiuliza, "Imebaki ngapi?" humjibu, hata akiwa adui yake. Ninyi watazamaji kazi yenu ni kufunga midomo, jambo ambalo najua ni gumu.

Siku yangu ya kwanza, mama muuza chai, ambaye wakati huo ndiye aliyesimamia chaki, alininyooshea kipande. "Shika, mwanangu. Michezo mitatu, kisha utarusha."

Nikamjibu: "Mama, sikuvuka bahari kuja kupaka mikono vumbi."

Ukumbi mzima ukasema, "Eee!" Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Basi ashike tai yake!"

Mzee mmoja akainuka taratibu. Alikuwa mfagiaji wa stesheni ya reli, hajui kusoma hata jina lake, ila tarakimu anazijua. Akasema: "Nipe mimi. Mikono yangu na vumbi ni marafiki wa zamani." Akaishika chaki yangu siku ile, na Jumamosi zote zilizofuata.

Nami nikashinda. Mbona nifiche? Nilishinda na kushinda. Nilikuwa na mtindo wangu: nikisharusha cha tatu, sikungoja kuhesabiwa. Niligeuka nikawatazama watu, nikakaza tai. Sleti sikuitazama kamwe. Hesabu niliiweka kichwani, kwa sababu niliona kuuliza "imebaki ngapi" ni aibu kwa mtu wa diploma. Mnaliona shimo linavyozidi kwenda chini?

Tukabaki wawili. Na wa pili, ndugu zangu, alikuwa yule mzee mfagiaji. Kumbe zile Jumamosi zote alizosimama na chaki yangu alikuwa pia akirusha zamu zake na kusoma mikono ya kila mtu, na yangu ikiwamo.

Wiki ile mama yangu aliniletea ujumbe wa maneno mawili: "Wameanza kuvuna."

Ilikuwa mchana kama huu. Ofisa alikuja, akaketi karibu na mlango, kofia juu ya goti. Mchezo wa kwanza nikashinda mimi. Wa pili, mzee. Tukaingia wa tatu na wa mwisho, na humu ndani ungesikia chai ikichemka.

Nilitangulia. Nilibakiwa na tisini na sita, mzee akiwa nyuma. Nikarusha: ishirini. Nikarusha: ishirini. Cha tatu nikakiona kwa macho yangu haya kikiingia, ishirini. Nikageuka kwa watu, nikakaza tai. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia kitu kidogo, tik, sakafuni. Nikadhani ni kizibo cha chupa.

Kilikuwa kishale changu. Kilikuwa kimening'inia, kikaachia kabla mama wa chai, aliyeshika chaki siku ile, hajafika ubaoni. Kishale kikianguka kabla ya kuhesabiwa, hakihesabiwi. Ndiyo sheria hapa, na ndiyo sheria Uingereza. Mama aliandika hamsini na sita. Kichwani mwangu ilikuwa thelathini na sita. Alinirudishia vishale vyote vitatu mkononi, nikavipokea bila kumtazama usoni. Ukumbi mzima ulijua. Mtu mmoja tu ndiye asiyejua, naye alikuwa amevaa tai.

Mzee akarusha, akapiga vizuri kuliko siku zote, akabakiwa na nane. Nikajua zamu hii nisipofunga, nimekwisha. Nikasimama penye mstari. Nikamwona akilini mama yangu mlangoni kwake, na sufuria zake, anangoja. Jasho liliniingia jichoni. Nilihitaji dabo ya kumi na nane. Nikavuta pumzi, nikarusha.

Kikaingia, katikati kabisa ya dabo ya kumi na nane! Ndugu zangu, sijawahi kurusha kishale kizuri kama kile, wala sitarusha tena. Nikapiga kelele, "Nimefunga!" Nikaenda ubaoni mbio, nikakichomoa kwa mkono wangu, nikakiinua juu kumwelekea ofisa.

Sikusikia hata kofi moja.

Nikamgeukia mama wa chai. "Mama, andika!"

"Niandike nini? Imebaki ishirini."

"Haiwezekani!"

"Kile cha tatu kilianguka, ulipokuwa unatuonyesha tai."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bwana diploma."

Nikasema: "Basi sawa, nina viwili mkononi. Narusha." Dabo ya kumi! Ile ningeipiga hata nikiwa na homa.

Akatikisa kichwa. "Umegusa ubao."

Mzee akasogea penye mstari. Hakunitazama. Nane, yaani dabo ya nne. Cha kwanza kikapita nje, kwenye mbao. Moyo wangu ukaruka. Cha pili kikaingia nne ya kawaida. Zimebaki nne, ndama wa Rongai angejua zimebaki nne. Lakini mzee akashusha mkono, akauliza kwa sauti ya upole: "Mama, imebaki ngapi?"

"Nne, mzee."

"Asante."

Akarusha. Dabo ya pili.

Ukumbi ukalipuka. Ofisa akavaa kofia, akapita karibu nami. "Wewe nasema mwenyewe," akaniambia, akatoka.

Nilikwenda Rongai. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anapukuchua mahindi ya mwisho ya bustani yake. Akauliza: "Ulirusha kitu gani, mwanangu?"

"Vishale, mama."

"Vyenye ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidole changu muda mrefu. "Na juu ya kitu kama hicho uliiweka nyumba yangu?"

Ndugu zangu, wachimba makaa hawakuwahi kunipiga hivyo. Siku ya tatu trekta la shamba likavitoa vyombo vyetu hadi kando ya barabara: kinu, sufuria, kitanda cha kamba, kikapu cha kuku. Niliketi juu ya kinu nikiwa na suti yangu. Nilikuwa nimefika chini kabisa, pale ambapo mtu haoni hata pa kutazama.

Jumapili ile nikaona watu wawili wakitembea kutoka stesheni ya Rongai. Mama wa chai alikuwa mbele. Hakunisalimu mimi. Alimwendea mama yangu, wakashikana mikono, akasema: "Dada, mimi nina chumba kimoja Bondeni. Tutatia pazia katikati. Kuku nao waje." Basi hivyo tu, kama mtu anayeazima chumvi.

Mzee akachuchumaa kando yangu. "Nairobi," akasema, "kila mchezaji huenda na mtu wake wa chaki. Nimekuja kukuchukua."

"Mzee, mimi nilikudharau mbele ya watu."

"Ndiyo. Unajua kutoa hesabu?"

"Nina diploma ya..."

"Hiyo sijauliza."

Mama yangu, akiwa amebeba kikapu cha kuku, akasema bila kugeuka: "Mwanangu, shika hiyo chaki."

Hapo ndipo nilipogeuka. Jumamosi nne nilisimama pale kwenye ile kona na vumbi jeupe juu ya suti ya Uingereza. Mlinicheka. Wewe hapo mbele, ndiyo wewe, uliniita Bwana Chaki, nami nikaendelea kuandika. Na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa penye mstari: anayerusha huona anachotaka, mwenye chaki huona kilichopo.

Nairobi mzee alishinda mchezo wa kwanza. Wa pili alikutana na bingwa wa huko. Kule kila mwenye chaki huhesabu vishale vya mtu wake, na neno lake ni la mwisho. Mzee akabakiwa na thelathini na mbili. Akarusha, kikaingia dabo ya kumi na sita, na watu wetu wakapiga kelele. Nikapiga hatua kuelekea ubaoni, na nikiwa bado sijafika, kikalegea, kikaanguka mguuni pangu. Mgongo wangu uliwakinga watu wasikione. Bingwa mwenyewe alikuwa ameshageuka kwa huzuni. Ningesema "amefunga", nani angebisha? Nikamtazama mzee. Yeye alikiona. Akaningoja, kwa sababu kuhesabu ni kazi ya mwenye chaki.

Nikasema kwa sauti: "Kimeanguka. Zimebaki thelathini na mbili."

Mzee akapoteza mchezo ule. Alipopita karibu nami alinishika bega, akaacha mkono wake pale kidogo. Na mlangoni, kofia juu ya goti, alikuwa ameketi ofisa wetu. Wiki iliyofuata aliniita. Kazi alikuwa hajampa mtu. Akasema: "Sasa mimi naweza achia wewe ukumbi."

Namshukuru mzee, aliyestaafu reli mwaka huu na bado anatupiga. Namshukuru mama wa chai, aliyekaa na mama yangu nyuma ya pazia mpaka funguo zilipotoka. Mama yangu ni yule pale, mwenye kitambaa cha buluu, na vyumba ni viwili, na kuku ni kumi na mmoja. Nawashukuru hata ninyi mlionicheka.

Sasa ninyi wanane. Najua baadhi yenu mna mikono mizuri kuliko yangu, ingawa si wengi. Leo chaki naishika mimi, msimamizi wa ukumbi, mwenye diploma, kuanzia mchezo wa kwanza hadi wa mwisho. Nitaona kila kishale kinachokaa na kila kinachoanguka, na mkigeuka kuwatazama watu, nitaona pia. Nitawajibu nyote, rafiki na asiye rafiki, imebaki ngapi.

Lakini lazima muulize.