Bibi Pyo Geum-rye na Kitanda cha Saba

Bibi Pyo Geum-rye anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika idara yetu ya dharura. Yeye ndiye huandika kwenye kompyuta ya mlangoni vitanda vingapi viko wazi, na madereva wa ambulensi mkoa mzima hutazama namba hiyo. Wakikuta sifuri, wanapita kwenda hospitali nyingine.

Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga mimi, Tak Man-su, msukuma machela, maana hakuna aliyekaa naye zaidi yangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa machela hakuna wa kuniweza hapa. Wenye digrii wanagonga milango. Mimi sijawahi.

Mfumo wa kompyuta umebadilishwa mara tano. Kila mara mafundi wenye tai walisema sasa kazi itakuwa nyepesi. Ikazidi kuwa nzito. Dada huyu hakuuamini hata mmoja. Kila nusu saa alizunguka na miguu yake iliyovimba, akahesabu kwa macho, ndipo akaandika.

"Kompyuta haina macho, Mzee Tak."

"Na wewe huna miguu, kaa chini!"

Hakukaa.

Miaka kumi na miwili iliyopita alihesabu, akaandika sifuri. Ambulensi ikampitisha mkulima wa matofaa mpaka mji wa Daegu, saa nzima njiani. Alipona, ila mkono wa kulia haukurudi kufanya kazi. Wakubwa walipochunguza, wakakuta kitanda cha saba hakikuwa na mgonjwa. Bibi Pyo akasema, "Nilikosea kuhesabu." Tangu hapo hajapandishwa cheo.

Hakukosea. Kitandani pale nililala mimi. Nilikuwa nimeunganisha zamu mbili, nikajifunika blanketi gubigubi, naye akadhani ni mgonjwa. Nilipoamka alikuwa amesimama pale. "Kanawe uso, mzee," akasema, basi. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikanyamaza, na majigambo yangu yakaendelea kila mahali.

Juzi nilimwambia nitaandika haya. Akanifokea: "Umechanganyikiwa? Mkataba wako umebaki mwaka mmoja, watakufukuza!"

Wanifukuze. Nimechoka kulibeba hili kuliko machela zote. Mkurugenzi, kabla ya tarehe thelathini, lifute kosa lile kwenye faili lake, uliandike kwenye langu.

Asante, dada. Tukuombee nini tena? Afya, na usingizi wa kutosha.