Foleni ya Alhamisi Kabla ya Pasaka: Hotuba ya Kurudi kwa Soko la Marlstow

Mheshimiwa Meya wa Marlstow, Mama Philippa Stanbridge, Mheshimiwa Diwani Ashdown, uliyefunga safari kutoka makao ya wilaya, Mchungaji wetu, Mwalimu Mkuu, ambaye tangu nilipomaliza shule sina tena sababu ya kukuogopa, ingawa bado nakuogopa, ndugu wachuuzi wenzangu, wageni waalikwa, na ninyi mlioketi kwenye ngazi za kanisa kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote, na poleni kwa jua hili, ambalo najua hatujalizoea.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Tamsin Garrod, wa meza ya jibini. Sikuomba kusimama hapa. Ni desturi yetu kwamba siku soko linapofunguliwa upya, anayehutubia ni yule aliye mdogo kwa umri kuliko wote wanaosimama nyuma ya meza, na inasemekana desturi hiyo iliwekwa makusudi, ili asipatikane mzee wa kutumaliza asubuhi nzima kwa kumbukumbu zake. Mwaka huu mdogo huyo ni mimi. Wojtek wa mikate amenizidi umri kidogo tu, na wiki nzima kila akiniona barabarani ananiambia, "Namshukuru mama yangu kwa kunizaa mapema." Wojtek, nakuona unavyocheka. Cheka tu.

Nimeandika haya kwenye karatasi, na nitayasoma bila kuinua macho sana. Msidhani ni dharau.

Ndugu zangu, tumerudi. Nilitaka kulisema neno hilo mapema, kabla sauti haijanikimbia. Tumerudi uwanjani. Usiku wa jana nililala usingizi ambao sikuupata tangu mwaka juzi, na asubuhi hii, nilipoweka miguu ya meza juu ya mawe haya yaliyopinda, ikayumba upande uleule iliokuwa ikiyumba zamani, nilikaribia kulia kwa sababu ya meza kuyumba. Je, ni mimi peke yangu? Nilimwona pia Bwana Ferris wa samaki akiinama kuyagusa mawe, kisha akajifanya anafunga kamba za viatu. Bwana Ferris, viatu vyako havina kamba.

Hii si mara ya kwanza kwa soko letu kufukuzwa. Nani kati yetu hakuwahi kukaa, utotoni, ndani ya lile bakuli la jiwe lililo nyuma ya Banda la Siagi, banda la kale hapa pembeni ya uwanja, akakemewa? Bakuli lile lilichongwa miaka ya tauni. Watu wa Marlstow walihamishia soko juu ya kilima, mbali na nyumba, wakalijaza bakuli siki, na mnunuzi akawa anatumbukiza sarafu humo ili mchuuzi aichukue bila kumgusa. Walikaa huko kilimani msimu mzima wa joto, na msimu mwingine. Halafu wakashuka, wakalibeba bakuli wakashuka nalo, wakapanga meza zao hapahapa.

Baadaye ikaja enzi ya kondoo. Bibi yangu, aliyeikuta ikielekea mwisho, alisimulia kwamba siku ya mnada hakuna aliyefungua mlango wa mbele, kwa maana kondoo angepita sebuleni hadi jikoni na huna la kumfanya. Reli ikaja, ikabeba sufu ya kondoo wetu na baadhi ya vijana wetu. Reli ikaondoka, na kituo chake leo ni kwa daktari wa meno. Benki imekuwa mkahawa. Duka la vyuma limekuwa la nguo za mitumba, na la viatu limebaki la viatu kwa ukaidi wa mwenyewe. Basi la mwisho linaondoka kabla sinema ya mjini haijaanza. Wenzangu wengi niliomaliza nao shule wanaondoka kabla ya majira ya baridi, na siwalaumu. Nasema tu kwamba katika mabadiliko yote hayo, mtu wa Marlstow akiulizwa Alhamisi ni siku gani, hajibu kwamba ni siku baada ya Jumatano. Anajibu kwamba ni siku ya soko.

Kisha yakaja mabomba ya maji. Tuliambiwa mabomba chini ya uwanja yamezeeka, na kweli yalikuwa yamezeeka. Tukaambiwa tuhamie kwa muda nyuma ya kiwanja cha raga. Uzio wa mabati ukawekwa hapa, nasi tukaenda kule kwenye matope. Mnayakumbuka matope yale? Mama mmoja aliacha kiatu chake mbele ya meza yetu, akaondoka na jibini na soksi. Wazee hawakuweza kufika, kwa kuwa basi halipiti kule. Muuza maua akaacha, muuza vikapu akaacha, na kila aliyeacha alimpunguzia aliyebaki wateja. Mabomba yalipokamilika, uzio haukuondolewa. Tukaanza kusikia neno jipya: maegesho. Uwanja utachorwa mistari, utaegeshwa magari, na soko, hilo lililobaki, litaendelea kule kule kwenye matope mpaka life lenyewe.

Shangazi yangu Verity, mwenye meza ya jibini, hakusubiri life. Nilikuwa likizo ya shule, wiki ya Pasaka mwaka huu, na Alhamisi asubuhi tukiwa tunashusha magurudumu ya jibini, yale mabonge makubwa ya mviringo, kutoka garini alisema, bila kunitazama, "Leo ndiyo mwisho, Tam. Jumamosi anakuja mnunuzi kulichukua gari."

Nikasema, "Sawa, Shangazi."

Hilo ndilo nililosema. Mnaonifahamu hamtashangaa. Tangu nina miaka kumi nilijua ninataka nini. Nilitaka kusimama nyuma ya meza ile, kama alivyosimama Bibi na kama anavyosimama Shangazi, na kumjua kila mtu kwa jibini anayokula. Nilikuwa sijamwambia mtu. Shangazi alidhani nakuja Alhamisi kwa ajili ya fedha ya matumizi, na mjomba alikuwa ameshanitafutia nafasi katika ofisi ya bima. Sasa meza yenyewe ilikuwa inakwisha, nami nikasema sawa.

Naomba sasa niseme yaliyotokea hapa uwanjani asubuhi hiyohiyo. Shangazi alinisihi nisiyaseme mbele ya Mheshimiwa Diwani. Lakini uamuzi umeshatiwa saini, Mheshimiwa, na nadhani unastahili kuujua ukweli.

Asubuhi ile Mzee Desmond Pettifer alikuwa anapita na kikapu chake, goti likamuuma. Akasimama mbele ya lango la uzio, akashika bati, akangoja goti limwachie. Nyuma yake akaja Bi Maureen Tolley. Akamwona mtu mwenye kikapu, Alhamisi, kabla ya Pasaka, amesimama akiliangalia lango. Bi Maureen alifanya nini? Alifanya lile ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Alisimama nyuma yake, akaacha nafasi ya adabu, wala hakuuliza. Kwetu mtu hamuulizi aliye mbele yake, maana angeonekana anataka kumpita.

Wa tatu akaja, akasimama nyuma ya Bi Maureen. Ikafika saa tatu, foleni imepita Banda la Siagi. Ikafika saa nne, imekata kona ya mkahawa. Nimesimuliwa na wengi wenu mliokuwemo, na kila mmoja anadai yeye alishtukia mapema.

"Wanauza nini huko mbele?" mama mmoja aliuliza, kule nyuma kabisa.

"Sijui, ila watu wote hawa hawawezi kuwa wapumbavu."

"Mimi namwona mmoja anayeweza. Yule mwenye kofia ya kijani."

"Huyo ni mume wangu, bibie."

"Basi unajua ninachosema."

Kijana mmoja wa kinyozi akajaribu kujipenyeza pale kwenye kona. Akaambiwa, "Mwanangu, mwisho wa foleni uko duka la viatu. Nenda ukasimame vizuri, kabla sijampigia mama yako." Akaenda, akasimama vizuri.

Ndipo, Mheshimiwa Diwani, ukafika wewe na wenzako wawili, mmevaa fulana za kung'aa, mmekuja kuangalia mistari ya maegesho ianzie wapi. Mlikuwa mmeambiwa kwamba uwanja huu siku hizi hauna mtu. Ukamwendea aliye wa kwanza ukamuuliza kwa upole, "Mzee, mnangoja nini?"

Mzee Pettifer alisema, "Mimi nangoja goti langu." Kisha akageuka, na hapo ndipo alipowaona kwa mara ya kwanza walio nyuma yake. Ameniambia mwenyewe kwamba alidhani wamekuja kumzomea.

Mfikirieni Bi Maureen wakati ule. Amesimama kwenye upepo asubuhi yote, na sasa anasikia kwa masikio yake kwamba amepanga foleni nyuma ya goti. Wilaya nzima inamtazama. Angeweza kucheka na kwenda nyumbani. Alinyanyua kikapu chake akasema, "Tunangoja soko. Leo ni Alhamisi."

"Lakini Mama," ukasema, "soko halipo hapa."

"Naona. Ndiyo maana tunangoja."

"Mtangoja mpaka lini?"

"Mwanangu, wewe hukuja kwa haraka na sisi hatuna haraka."

Neno likapita kutoka mtu hadi mtu mpaka duka la viatu: hakuna kinachouzwa, tunangoja soko. Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wamelifanya jambo hili kuwa kichekesho na kweli linachekesha. Foleni ile ilianza kwa kosa, ndiyo. Lakini walipokwisha kujua kwamba mbele hakuna kitu, nani aliondoka? Hakuondoka mtu. Hata yule kijana wa kinyozi alibaki. Nawauliza, walibaki kwa kosa? Mtu akikujibu kwa aibu, halafu watu wa mji mzima wakasimama nyuma ya jibu lake, je, jibu hilo si la kweli?

Kule kwenye matope sisi hatukujua lolote. Alikuja Wojtek mbio, unga mpaka kwenye nyusi. "Verity, funga hapa. Watu wako uwanjani."

"Watu gani?"

"Wote."

Tulipakia gari bila kupanga. Tukaliegesha kando ya uzio, nje, barabarani, pasiporuhusiwa, tukafungua mlango wa nyuma, na Shangazi Verity akaitazama foleni ile. Shangazi yangu, ambaye aliwahi kumtimua mkaguzi wa mizani kwa maneno matupu, alikaa juu ya kreti na kufunika uso. Watu walikuwa wananitazama mimi. Nilikuwa na waya wa kukatia jibini mkononi, na mbele yangu Mzee Pettifer na goti lake. Nikasikia mtu anaita, kwa sauti kubwa inayofika hadi kanisani, "Nani wa kwanza?" Alikuwa ni mimi. Sijui sauti ile ilitoka wapi, na leo nimeitafuta sikuipata.

Tuliuza mpaka magurudumu yakaisha. Mheshimiwa Diwani, ulijipanga mwishoni kama watu wote, ukapata kipande cha mwisho cha jibini ya buluu, ile yenye ukungu na harufu kali, nami niliona usoni mwako kwamba huipendi. Ulikinunua hata hivyo. Kisha ukarudi wilayani, na mwezi wa tano halmashauri ikapiga kura, na uzio ukaondoka. Nakushukuru kwa kura yako. Nakushukuru zaidi kwa kujipanga.

Namshukuru Mheshimiwa Meya, aliyetupigania katika vikao ambavyo sisi hatukuviona. Nawashukuru mafundi, waliorudisha kila jiwe mahali pake, hata yale mabaya. Nawashukuru wachuuzi waliovumilia matope, na waliorudi leo baada ya kuacha; muuza maua, karibu tena, tulikukosa. Na Bi Maureen, najua umeniambia nisikutaje. Samahani.

Nimebakiwa na jambo moja, ambalo halimo kwenye karatasi. Jumamosi ile yule mtu wa gari alikuja, Shangazi akampa kikombe cha chai, akamrudisha bila gari. Lakini hakuniambia kitu kuhusu meza, wala mimi sikuuliza. Mjomba akawa anauliza kuhusu bima, nami nikawa najibu kwamba nafikiria. Nimekuja leo na hotuba hii mfukoni nikiwa bado sijui kama nazungumza kama mchuuzi au kama binti anayesaidia Alhamisi.

Asubuhi hii tulipanga meza pamoja. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye mizani, nikamwona Shangazi amezunguka. Alikuwa upande wa pili, upande wa wateja, amevaa koti lake la kanisani, na kikapu mkononi.

"Robo ya ile ngumu ya zamani," akasema. "Na usinipunje, mimi naijua kazi hii."

Nikasema, "Shangazi, nilitaka kukuambia kwamba mimi..."

"Kata, binti. Kuna watu nyuma yangu."

Nikakata. Kipande kikazidi kidogo, nikamwachia. Akakitia kikapuni, akalipa, akaenda kwa Wojtek kununua mkate kama mteja yeyote, wala hakugeuka kuangalia ninavyomhudumia aliyefuata.

Waheshimiwa, ndugu wageni, watu wa Marlstow: asanteni kwa kunisikiliza na kwa kunivumilia. Nikunje karatasi sasa, nirudi mezani kwangu.