Risala ya Wapimaji Kuhusu Msukumo wa Pili

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa hospitali. Mkuu wetu wa maabara. Ndugu wafanyakazi wenzetu:

Karibu sana. Sisi wapimaji tisa wa chumba cha utando tumefurahi kukuona, ingawa ukitutazama nyuso utadhani tumefiwa. Tuwie radhi. Risala hii siyo ile iliyopitishwa ofisini. Ile tumeiacha mezani.

TULIKOTOKA

Mwaka wa sita huu tunatengeneza utando mwembamba kuliko unywele mara elfu. Ndani yake mna chembe zenye chaji zinazoegemea juu au chini. Ukizisukuma kwa umeme zinageuka, na ukizima umeme zinabaki zilivyo. Kumbukumbu ndiyo hiyo: juu ni moja, chini ni sifuri. Ndiyo maana leo umekuja kusaini utando wetu uingie kwenye mashine za dripu, zikumbuke kipimo cha dawa hata umeme ukikatika.

MAFANIKIO

Barua uliyopelekewa inasema utando umegeuka mara milioni mia bila kuchoka. Mchoro wa kipimo ulitoka mnene, umenona, dalili ya chembe kugeuka vizuri, tukaupigia makofi na keki tukakata. Tungependa risala iishie hapa.

CHANGAMOTO

Chumbani kwetu kuna desturi: utando husukumwa mara mbili upande uleule. Msukumo wa kwanza ukishageuza chembe, wa pili haukuti cha kugeuza, kama mlango uliokwisha kufungwa, na umeme unaopita huwa kidogo sana. Ukipita mwingi vilevile, ujue hakuna kilichogeuka: umeme unavuja tu, na mvujo nao hunenepesha mchoro. Tulipopata habari za ugeni wako tuliacha msukumo wa pili. Mkuu alisema unatuchelewesha, nasi tukavaa miwani ya mbao.

Dada yetu mkubwa kazini, tunayemwita Sindano kwa jinsi anavyozishika sindano za kupimia, hakuivaa. Alirudi peke yake akasukuma mara mbili. Akatuita, akasema taratibu, "Huu haugeuki. Unavuja."

Tulimwambia asitutie nuksi. Wiki ileile akahamishiwa stoo kupanga glavu, kwa barua iliyosema eti mikono imeanza kutetemeka. Mikono ile! Mheshimiwa, itazame karatasi hii ninayoisoma, uone nani anatetemeka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtetea. Wengine tulimcheka, tukamwambia hongera, umepata cheo.

Juzi nafsi zilitusuta, tukavisukuma mara mbili vipande vyote kumi na vinne vya utando tulivyokuandalia. Vyote vinavuja. Mashine yenye utando huu, umeme ukikatika, itasahau. Na mgonjwa atakuwa amelala pale, anaiamini.

MAOMBI

Tuna ombi moja, ingawa watu kama sisi tulipaswa kuona haya kuomba. Usisaini leo. Teremka nasi mpaka stoo, umwombe Dada Sindano apande apime kipande kimoja mbele yako, mara mbili, ujionee. Sisi tumeshamwomba. Amesema hapandi mpaka aitwe na mtu ambaye hakumcheka.

Tunajua tumekalia kuti kavu, na huenda kesho sote tukawa stoo. Huko glavu zipo za kutosha. Mkuu, nawe tusamehe. Ulituharakisha, lakini vidole vilivyoruka kile kipimo vilikuwa vyetu.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe, akulindie na wagonjwa wako.

Ni sisi, Wapimaji wa Chumba cha Utando.

Aliyewasomea ni mdogo wake Sindano, wa tumbo moja. Ile barua ya kusema mikono yake inatetemeka niliiandika mimi.