Orysia Aliyekoroga Vidonge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Orysia Hrynchuk, tuliyemzika Alhamisi iliyopita hapa kwetu Lisne, Saskatchewan, Kanada, akiwa na miaka hamsini na tisa. Moyo ndio uliomchukua, si sukari. Narudia, si sukari, maana angekuwepo angeshapiga simu studio kunisahihisha.

Orysia alikuwa na ovari zenye vifuko vingi. Siku zake zilikuja zinapotaka, ndevu mbili tatu za kidevuni hazikumpa raha, na sukari ilikuwa ikipanda taratibu. Mama yake mzazi alikufa kipofu kwa sukari hiyo hiyo. Kisha Daria, binti yake wa pekee, akapimwa akiwa na miaka kumi na tisa. Ugonjwa ule ule wa ovari. Hapo ndipo Orysia alipoingiwa na hofu ya kweli.

Mwaka huo huo Dokta Halldorson akaja na utafiti. Alitaka kujua kama vitamini D inashusha sukari kwa wanawake wa namna hii. Vitamini hiyo huletwa na jua, na jua letu la Januari mnalijua, ni la kuangalia tu. Nusu ya wanawake wangepewa vitamini, nusu wangepewa vidonge vya unga mtupu. Vyote vinafanana. Anayemeza hajui, na daktari mwenyewe hajui. Orysia akajiandikisha, akawaburuta na wenzake watano wa ukumbi wa kanisa wenye shida hiyo hiyo, wale wa kutengeneza pirohi, sambusa zetu za kuchemsha, kila Jumatano.

Sasa, ukumbi ule una desturi yake. Hakuna mwenye bakuli lake. Huyu analeta unga, yule viazi, yule jibini, vyote vinamwagwa pamoja, na jioni mnagawana sawa kwa sawa. Msimamizi wa kugawa alikuwa nani? Orysia.

"Yaani Stefka apewe dawa, mie nipewe unga?" aliwauliza wenzake. "Unga si ninao nyumbani?"

Stefka, jirani yake, akadakia. "Na dawa ikiwa kwako, shoga, utakaa tu uniangalie nikiangamia?"

Wakamwaga chupa zote sita kwenye beseni la viazi. Orysia akakoroga kwa mwiko. Wakagawana kidonge kwa kidonge, kwa haki kabisa.

Miezi mitatu baadaye majibu ya damu yakatoka, na Dokta akakuna kichwa. Wanawake sita, vitamini imepanda kidogo kwa wote, na kwa wote kidogo kile kile. Orysia akamwambia kwa fahari, Daria akiwa ameketi pembeni yake, "Lazima iwe sawa, Dokta. Niligawa kwa mkono wangu."

Dokta akaweka kalamu chini. Hakufoka. Alimweleza polepole kwamba utafiti mzima ulikuwa na wanawake kumi na wawili tu, na sasa nusu yao damu zao hazisemi chochote. Daria akamgeukia. "Kwa hiyo, Mama, mimi nimeze au nisimeze?" Orysia aliona aibu hata vifungo vya koti vikamshinda.

Utafiti ukaanza upya, naye akakataliwa kushiriki. Basi akaomba awe mlinzi wa vidonge. Alizunguka kumbi za miji ya jirani, akakusanya wanawake arobaini, akawapigia simu kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. "Umemeza? Chako? Cha kwako peke yako?" Stefka anasema, "Kwa padri naungama mara moja kwa mwaka. Kwa mwenzangu Orysia, kila siku ya Mungu."

Baada ya majira mawili ya baridi, Dokta akasema sukari imeshuka kidogo, labda ni vitamini, labda sivyo, na viazi vipunguzwe.

"Wanawake arobaini," Orysia akamwambia, "halafu unaniletea labda?"

Lakini aliichukua labda hiyo akarudi nayo nyumbani. Akapunguza viazi, akamtoa Daria kutembea kila siku, na kila miezi mitatu akampeleka kupimwa. Miaka kumi na tatu hakukosa hata mara moja.

Alhamisi ya mazishi iliangukia siku ya kupima. Daria alikwenda zahanati asubuhi akiwa na gauni lake jeusi. "Nisingekwenda, Mama angeinuka kunifukuza," anasema. Kisha akaingia kanisani, akainama juu ya jeneza, akasema taratibu, "Tano nukta tatu, Mama." Ni sukari nzuri hiyo. Stefka, aliyekaa mbele, akasikia, akamnong'oneza wa nyuma yake. Habari ikapita kiti hadi kiti. Padri alipotoka na chetezo alikuta kanisa zima linalia na kutabasamu, na yeye peke yake ndiye hajui kwa nini.

Kwa Daria, kwa Bwana Taras, mume wa marehemu, na kwa wanawake wa Jumatano, poleni sana. Tunaomboleza pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anayehangaika kujua sukari yako imefika ngapi, kapime, kisha umwambie leo, angali anasikia.