Mluzi wa Banri

Wasikilizaji wapendwa, tangu Ijumaa simu za kituo hiki hazijapumzika. Wote mnaomba kitu kimoja. Mnaomba tupige wimbo wa "Mvua ya Siku Tisa". Leo hatutaupiga. Tafadhali msizime redio. Kaeni nami, mtajua kwa nini.

Kaka yetu, Bah Kitbok Khongjirem, amefariki dunia. Mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Lapbah alifariki Ijumaa asubuhi, hapahapa Shillong, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Wazee wetu wangesema amekwenda kula tambuu nyumbani kwa Mungu. Nasi tunasema hivyo, kwa imani.

Ameacha mama, Mei Drosila, mwenye miaka themanini na minne. Ameacha dada, Kong Phidalia. Na ameacha wimbo mmoja ambao kila mtu nchini kwetu anaujua. Kisa cha leo ni cha wimbo huo na mama huyo.

Kitbok alizaliwa kijijini Mawrisain, kule kwenye mteremko wa kusini, kwenye mashamba ya machungwa na mipopoo. Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui desturi ya kule. Mama akijifungua, humtungia mtoto wake sauti. Haina maneno. Ni sauti tu, ya koo au ya mluzi, na ni ya mtoto huyo peke yake. Uani mtoto huitwa kwa kipande kifupi. Akiwa mbali huitwa kwa sauti nzima, ivuke bonde, naye hujibu, "Hooi!" Jina la ubatizo ni la shule na la serikali. Sauti ndiyo mtu mwenyewe.

Na mtu akifa, sauti yake hufa naye. Haiitwi tena. Hata mama aliyeitunga haiiti tena.

Mei Drosila alitunga sauti tatu. Ya Kitbok, ya Phidalia, na ya Banri, kitindamimba, binti ambaye kwa mila zetu angerithi nyumba. Mwaka 1985 Banri alikuwa na miaka saba. Alikwenda na wenzake kukata nyasi za mifagio. Mvua ikashuka ghafla, kijito kikafura. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi. Kitbok, wakati huo ana miaka kumi na sita, alitumwa kwenda kumwita. Alisimama juu ya jabali akamwita kwa sauti ya Banri, kwa mluzi, tangu adhuhuri mpaka midomo ikapasuka. Hakuitikiwa. Walimkuta kesho yake, chini, kwenye mawe. Wakamzika, na sauti yake ikazikwa naye.

Miaka sita ikapita. Kitbok sasa ni kijana wa miaka ishirini na miwili, yuko Shillong, nywele mabegani, gitaa mkononi. Bendi ya Lapbah ikaenda Guwahati kurekodi kaseti. Mpiga ngoma wao, Bah Lumlang Pyngrope, amenisimulia mwenyewe.

"Kile chumba kilikuwa kimetundikwa mablanketi ukutani, joto la kuiva," anasema. "Wimbo ulikuwa hauna mwanzo. Fundi mitambo anatutazama kama watu tuliokuja kumlia chakula chake. Nikamwambia, 'Kitbok, weka chochote bwana, hata kikohozi!' Akasogea kwenye maikrofoni, akafumba macho, akapiga mluzi. Mimi nikadhani kautunga palepale."

Haukuwa umetungwa palepale. Ulikuwa ni sauti ya Banri, nzima, ile ya kuvuka bonde.

Lumlang anasema Kitbok aliketi chini. Fundi akauliza, "Tuubakize au tuufute?" Kitbok angeweza kusema, futa. Hakusema. Alisema, "Tuendelee."

Wasikilizaji, neno hilo moja ndilo lililomlemea maisha yake yote.

Kilichofuata mnakijua. "Mvua ya Siku Tisa" ulipigwa kwenye teksi, kwenye harusi, kwenye viwanja vya mpira. Watu walisahau maneno, mluzi hawakuusahau. Watoto waliozaliwa miaka ishirini baadaye wanaupiga wakienda shule. Ni mlio wa simu za watu. Miaka thelathini na mitatu, na bado haujazeeka.

Mei Drosila aliusikia mara ya kwanza sokoni Sohra. Alikuwa ameuza machungwa yake, ameketi kwenye kibanda cha chai na kitumbua cha mchele mkononi. Redio ya mwenye kibanda ikaanza. Mei Drosila akainuka, akageukia barabarani, akamtafuta mtu kwa macho.

"Mei, umemwona nani?" mwenye kibanda akamuuliza.

"Nani anamwita mwanangu?"

"Hapana anayemwita mtu, mama. Ni redio hiyo. Vijana wa mjini na kelele zao."

Kisha mtangazaji akataja jina la mwimbaji. Kitbok Khongjirem. Mwenye kibanda akapiga kofi. "Loo! Si mwanao huyo? Chai ya leo hulipi!"

Mei Drosila aliiacha chai mezani.

Krismasi Kitbok akaja nyumbani na kaseti na shali mpya ya mama yake. Phidalia anasema mama hakugomba. Alipakua wali na nyama ya nguruwe, akasema, "Kaa, ule, Kitbok." Ni hivyo tu. Alimwita kwa jina. Tangu siku hiyo, uani au bondeni, hakumwita tena kwa sauti aliyomtungia. Miaka thelathini na mitatu. Kitbok alijaribu kuligeuza jambo hilo mzaha. "Mama ananiita kama karani wa kuandikisha wapiga kura," aliwaambia wenzake. "Siku moja ataniomba kitambulisho."

Mchungaji wa Mawrisain alikwenda kuzungumza na mama. Akamkumbusha kwamba Banri yuko salama mikononi mwa Bwana, na mluzi wa redioni hauwezi kumsumbua. Mei Drosila akamjibu, "Roho yangu ilibatizwa, mchungaji. Masikio bado. Kila wakiupiga, natazama mlangoni."

Kitbok alijitahidi kuurudisha nyuma mluzi huo. Mwaka 1998 akaacha kupiga mluzi jukwaani. Watazamaji wakaupiga wenyewe, maelfu yao. "Bah Kitbok, umeng'oka meno nini?" wakamtania. Akainua mkono kuwazuia. Wakadhani anawaongoza. Wakazidisha.

Basi, mwaka huu ini likamshinda. Wiki iliyopita alikuwa kitandani, ghorofa ya tatu ya hospitali. Jumatano mchana Phidalia akamleta mama kutoka kijijini. Na nyinyi wapenzi wa nyimbo zake, wengine mnanisikiliza sasa, mlikuwa mmejaa chini ya dirisha. Mlikuja kwa upendo. Najua. Kisha mtu mmoja akaanza mluzi, na watu mia mbili wakaupokea.

Mei Drosila alikuwa ndio kwanza ameketi karibu na kitanda. Akaziba masikio kwa viganja. Kitbok akageuzia uso ukutani.

Phidalia akashuka mbio. "Kaka zangu, nawaomba, nyamazeni!"

"Kong, sisi tunampenda!"

"Najua mnampenda. Lakini huyo mnayemwita si yeye. Mnamwita mdogo wangu, na mdogo wangu amekufa."

Aliwaeleza kwa maneno machache. Mluzi ukakoma. Mwanamume mmoja mzima, mwenye mvi, akavua kofia.

Juu, Kitbok alikuwa akimwambia mama yake maneno aliyoyaweka miaka yote. "Mei, niliulizwa kama mluzi ufutwe, sikufuta. Ulikuwa umetoka vizuri. Nilitaka uwe wangu." Halafu akasema, "Niite, Mei. Mara moja."

Mama akamtazama. "Nikuite vipi, nawe uko mbele ya macho yangu? Mtu huitwa akiwa mbali."

Akachukua fimbo yake, akatoka. Kitbok akadhani ameondoka kwa hasira. Phidalia, aliyekuwa akipanda, akakutana naye kwenye ngazi. "Mei, unakwenda wapi?"

"Nipishe. Nakwenda mbali."

Ngazi zote zile, kwa miguu ile. Akatoka nje, akapita katikati ya watu, akavuka uwanja mpaka kwenye ukuta wa mwisho. Hapo akageuka. Akaegemeza fimbo ukutani, akaweka viganja mdomoni, akamwita mwanawe. Sauti nzima.

Aliyekuwapo ameniambia hajasikia kitu kama kile na hataki nikielezee. Sitakielezea.

Lumlang, aliyekuwa chumbani, alimnyanyua Kitbok, mwepesi kama ungo, akamfikisha dirishani. Mei Drosila, macho yake yamefifia, hakumwona. Aliyeita husubiri jibu. Akasubiri. Akaita mara ya pili.

"Mei, yupo!" watu wakamwambia. "Yupo dirishani!"

"Anasemaje?"

Phidalia anasema midomo ya kaka yake ilifunguka, lakini sauti haikutoka. Mtu mmoja aliyesimama karibu na mama ndiye aliyemjibu. "Anasema 'hooi', Mei."

"Basi," akasema. "Amesikia."

Siku mbili baadaye Kitbok akafariki, mama ameshika miguu yake.

Wasikilizaji wapendwa, sasa sikilizeni neno lililonileta. Siku ile uwanjani mlikuwa na simu mikononi. Wengi mlirekodi. Sauti ile ilikuwa ya Kitbok, na Kitbok amekufa. Imepasa iende naye. Watu watatu wametuletea rekodi hapa kituoni, kwa nia njema, wakitaka tuirushe hewani. Hatukuifungua. Tumeifuta.

Lakini leo asubuhi, nikija kazini, nimemsikia mtu akiipiga mluzi akiwa kwenye foleni ya mkate. Nilijua ni ile ya uwanjani, maana ulikuwa mwito wa kuvuka bonde, na haikuwa ya Banri. Nimemshika mkono, nikamweleza. Aliona haya, maskini. Ameniambia ametumiwa na shemeji yake. Na shemeji yake ametumiwa na nani, hajui.

Sauti ya Banri tumeshindwa kuirudisha. Imekwenda, iko kila mahali, na bibi mmoja kule Mawrisain ataendelea kutazama mlangoni mpaka siku yake. Hakutuomba tuache kuupenda wimbo. Alituomba jambo moja tu, kupitia kwa Kong Phidalia: asisikie mtoto wa pili akiitwa.

Kwa Mei Drosila, kwa Kong Phidalia, kwa Bah Lumlang na bendi yote ya Lapbah, tunawapa pole. Mungu wa rehema awashike. Kitbok alikosea akiwa kijana, na alilibeba kosa lake kama mtu mzima. Apumzike.

Na wewe unayenisikiliza, chukua simu yako. Usiifungue ile rekodi hata mara moja ya kuagana. Ifute. Kisha mpigie aliyekutumia, umwambie naye afute. Tutakaa kimya sasa, hapa kituoni, mpaka mmalize.