Koti la Kijivu, Kituo cha Harajuku

Sikuwa nimeiona kamera mapajani mwa mzee aliyeketi kando yangu kwenye treni, hadi mwanamke wa makamo aliyesimama mbele yetu aliponong'ona, "Mzee Kuramochi! Ulinipiga picha Harajuku, pale vijana wanapoonyesha mitindo barabarani, enzi za nywele zangu za kijani."

"Nimeacha kazi hiyo, dada," mzee alisema. "Siku hizi vijana wanavaa nyeusi tupu, utadhani wanatoka mazikoni. Na wewe je, koti la kijivu?"

"Sasa nimvalie nani? Siku hizi watu hupiga picha kwa simu, na simu haiombi ruhusa, wala haiinami kushukuru kama wewe."

"Mgongo wenyewe hauinami tena," mzee alijibu.

Treni ilisimama Harajuku. "Tushuke, mzee," alisihi. Mzee alitikisa kichwa, na mwanamke akashuka peke yake.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili mimi hupita pale Harajuku nimevaa skafu nyekundu, nikitumaini mzee atarudi na kamera yake.