Darasa la Meli la Mwalimu Gurdeep

Kwenye benchi la Mwololo, muuza kahawa kando ya soko la Kangemi, kahawa ilikuwa kali na ubishi ulikuwa wa bure. Jumamosi hiyo ya Februari 1968, Nashon alirudi kutoka Parklands kwa miguu, daftari kwapani, akaketi bila salamu. Alikuwa karani wa godauni la reli. Mwaka mzima alikuwa akisomea uchumi wa uhandisi kwa Mwalimu Gurdeep, mhandisi aliyefundisha makarani na mafundi sita kila Jumamosi, nyuma ya duka la nduguye. Gurdeep hakuwapa kanuni tupu. Aliwaletea visa vya meli za kweli. Nashon alitamani siku moja kazini aulizwe maoni, si kutumwa tu.

— Haya, leo meli gani? akauliza Kilonzo, seremala waliyemwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua.

Nashon hakuwa na kisa cha leo. Akawapa cha wiki iliyopita.

— Pampu ya kiwanda cha chai imekufa. Mpya inatoka Uingereza, lakini Mfereji wa Suez umefungwa na vita. Meli itazunguka Afrika yote. Utangoja, utaleta na ndege, ama utatengeneza ile mzee?

— Ngoja! akasema Profesa. Haraka haraka haina baraka.

— Na majani ikioza?

— Ikioza ni mbolea. Mwaka ujao unavuna mara mbili!

Ogutu, aitwaye Bandari kwa sababu aliwahi kupakua mizigo Kilindini miezi mitatu, akaguna.

— Profesa, meli huijui. Mimi nakata hiyo meli vipande huko Misri, napitisha na ngamia, naunga ng'ambo. Kidole kimoja hakivunji chawa!

— Ngamia wakichoka?

— Naita ndovu!

Benchi zima likacheka. Nashon hakucheka. Alikuwa akiisikia sauti ya Gurdeep: "Bwana Nashon, kungoja nako kuna gharama. Iandike." Na asubuhi hiyo alikuwa amengoja saa mbili nzima, mpaka ndugu wa mwalimu alipomfungulia.

Hapo akafika Naliaka, mshonaji wa sokoni, ambaye hakuwa na kawaida ya kukaa kijiweni.

— Kaka Nashon, nimepata ruhusa ya kuja darasani. Jumamosi ijayo twende wote. Mwalimu atanikubali?

Nashon akafungua daftari, akalifunga.

— Angekukubali, dada. Lakini ameenda London tangu Alhamisi, yeye na mkewe na watoto. Wanasema Uingereza inataka kuwafungia mlango Wahindi wenye pasipoti zake, ikabidi awahi.

— Bila kuwaaga?

— Aliacha hesabu ubaoni, ile ya pampu. Imefika nusu. Nduguye alitaka kufuta, nikamwomba aiache.

Bandari akaweka kikombe chini polepole. Naliaka akaketi pembeni ya benchi.

— Sasa hiyo hesabu, akauliza, ataimaliza nani?

Nashon akalifungua tena daftari, akaanza kuandika gharama ya kungoja.